Tombola ya Sadaka na Rukhsa ya Serikali

Chanzo cha mkanganyiko

Kusini mwa jimbo la Maniema, huko Kongo, tangu Kasongo hata Kabambare, si jambo geni kuona kamati ya wazazi, au parokia, au timu ya mpira, au kikundi cha akina mama, wakikata vikaratasi vyenye nambari, wakiviuza kimoja kimoja kwa faranga chache, kisha siku ya sikukuu wakivichanganya ndani ya sufuria na kumwita mtoto mdogo atie mkono atoe kimoja, ili mwenye nambari hiyo aondoke na mbuzi au baiskeli, na fedha iliyosalia inunue mabati ya shule. Watu huiita tombola, nao kwa muda mrefu hawakuiona kuwa ni jambo la sheria hata kidogo. Lakini tangu vibanda vya parifoot kuenea katika miji ya Kongo, na vijana kushinda humo tangu asubuhi hata jioni, swali limezaliwa ambalo halijapata jibu la wazi: maadamu anayeuza ubashiri wa mpira hulazimika kuwa na karatasi ya Serikali, je, mtunza hazina wa parokia naye hana budi kuwa nayo? Na kama hana budi, karatasi hiyo hutolewa na nani: mkuu wa sekta, administrata wa teritwari, ofisi za jimbo huko Kindu, au Kinshasa? Tena katika mji kama Kasongo, ambao Uislamu umekaa humo tangu zama za Tippu Tip, wako wanaouliza swali lililo zito kuliko hayo yote, yaani kama jambo lenyewe ni halali mbele ya Mungu kabla ya kuwa halali mbele ya Serikali.

Maswali haya matatu, la sheria, la mamlaka na la dini, huchanganywa katika mazungumzo kana kwamba ni swali moja, na kuchanganywa huko ndiko kunakozaa fitina nyingi zisizokuwa na lazima. Uchambuzi huu unayatenga, kisha unayarudisha pamoja penye mizani.

Kwanza yafaa kukumbuka sababu inayowafanya watu waikimbilie tombola. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 43, ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure, nayo ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kwa nchi nzima katika mwaka wa shule wa 2019 hadi 2020. Lilikuwa jambo jema, wala hapana mwenye insafu atakayelikana; walakini karo iliyoondolewa ilikuwa pia ndiyo iliyonunua chaki, ikatengeneza madawati na kuziba paa linalovuja, na pengo hilo halikujazwa kila mahali. Teritwari ya Kabambare ina dhahabu huko Namoya, karibu na Salamabila, na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza mwenye mgodi atoe asilimia 0.3 ya mauzo yake, isiyopungua, kwa maendeleo ya wenyeji; lakini haki hiyo ni ya jamii zinazoguswa na mgodi, si ya teritwari nzima, na kijiji kilicho mbali nao hakina cha kudai. Kijiji hicho kina vikaratasi vyake na sufuria yake. Yeyote anayetunga au anayetekeleza kanuni juu ya tombola asisahau kwamba anagusa mfuko wa mwisho wa watu ambao mifuko mingine haikuwafikia.

Nguzo tatu

Wanasheria wa mataifa mengi, ijapokuwa hutofautiana katika mengi, hukubaliana kwamba bahati nasibu husimama juu ya nguzo tatu: mtu atoe mali ili aingie, matokeo yategemee bahati wala si ustadi, na mwenye bahati apate zawadi ambayo wenzake hawaipati. Ondoa nguzo moja, na nyumba huanguka, kwa maana lililobaki huwa jambo jingine lenye hukumu nyingine. Likelemba, yaani mchango wa kikundi unaopokelewa kwa zamu, kwa mfano, ina mchango, na pengine ina bahati katika kupanga nani apokee mwanzo, lakini haina aliyepata wala aliyekosa, kwa kuwa kila mmoja hurejeshewa alichotoa zamu yake ikifika. Kwa hiyo si bahati nasibu, na ofisa anayetaka kuitoza kama bahati nasibu amekosea. Mashindano ya insha ya wanafunzi yana zawadi, lakini mshindi hupatikana kwa ustadi. Tombola inazo nguzo zote tatu, na wema wa makusudi yake hauondoi hata moja. Hili ni chungu kwa wenye kuitumia kwa heri, lakini ni kweli, na hoja isiyoanzia kwenye kweli hii haifiki mbali: tombola ya kanisa ni bahati nasibu, na kinachoitofautisha na kamari ya kibanda ni yale yanayofanyika kwa fedha baadaye.

Asili ya kanuni

Mfano mkuu wa sheria za Ulaya ya Kifaransa na Kibelgiji ulikuwa ni kukataza kwanza, kisha kusamehe. Ufaransa ilikataza bahati nasibu kwa sheria ya tarehe 21 Mei 1836, ikaacha mlango kwa zile za sadaka na za kuinua sanaa. Ubelgiji ikafuata kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1851, ambayo yastahili kusomwa hata leo na watu wa Maniema, kwa sababu ya hekima iliyomo katika mgawanyo wake wa mamlaka. Sheria hiyo iliruhusu bahati nasibu ambayo mapato yake yote ni ya ibada, au ya sadaka, au ya kuinua viwanda na sanaa, au ya manufaa mengine ya umma. Kisha ikasema kwamba kama tikiti zinauzwa ndani ya komuni moja tu, rukhsa itolewe na wakuu wa komuni. Kama zinauzwa katika jimbo, itolewe na baraza la jimbo. Na kama zinavuka majimbo, ndipo Serikali kuu ihusike. Kipimo hakikuwa jina la mwenye kuomba wala ukubwa wa kanisa lake, bali ni eneo ambamo vikaratasi vitatembea.

Kwa upande wa bahati nasibu kubwa, Kongo yenyewe iliwahi kuwa fukara anayechangiwa kwa bahati nasibu. Bei za mazao na madini zilipoanguka baada ya mwaka 1929 na hazina ya Koloni kupata nakisi, Ubelgiji ilianzisha mwaka 1934 Loterie Coloniale, nayo faida yake ikapelekwa kuisaidia hazina hiyo. Na bahati nasibu ya taifa la Ubelgiji iliyopo leo ni mtoto wake. Somo lililorithiwa ni kwamba bahati nasibu kubwa ni mali ya Dola. Katika Kongo huru somo hilo limejengewa nyumba iitwayo SONAL, Société Nationale de Loterie, ambayo ndiyo chombo cha Serikali katika uwanja huu. Kwa bahati mbaya, katika fikra za watu na za maofisa wengi, somo la mwaka 1934 limelifunika lile la mwaka 1851: imebaki dhana kwamba kila kinachochezeshwa ni cha Kinshasa, na imesahauliwa ile daraja ya chini iliyowekwa kwa ajili ya komuni.

Nani mwenye mamlaka?

Hapa ndipo penye kichaka, na ni lazima tupite ndani yake polepole. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayotawala vyama visivyo vya faida, nayo inaagiza kwamba chama kipate utu wa kisheria kutoka kwa Waziri wa Sheria, baada ya maoni mema ya waziri mwenye kuhusika na kazi ya chama hicho. Parokia hujifunika kwa mwavuli wa dayosisi, na dayosisi ya Kasongo ni ya tangu mwaka 1959. Misikiti hujifunika kwa mwavuli wa COMICO, yaani jumuiya ya Waislamu wa Kongo. Lakini kamati ya wazazi ya Wamaza, au timu ya vijana wa mtaa, haina mwavuli wowote, na safari ya makaratasi yake huishia Kinshasa. Basi watu wanaohitaji tombola zaidi ndio ambao sheria haiwajui kuwa ni mtu.

Kisha kuna ngazi za utawala. Kwa mujibu wa sheria ya kanuni ya tarehe 7 Oktoba 2008, jimboni vyombo vyenye utu wa kisheria na mfuko wake ni mji, komuni, sekta na uchifu. Teritwari haimo katika orodha hiyo, kwani ni jicho la Serikali kuu lililowekwa karibu na watu. Kwa hiyo muhuri wa administrata ni muhuri wa amani na usalama wa mkutano, na ule wa sekta ni muhuri wa chombo cha wenyeji wenyewe. Hiyo mihuri miwili si kitu kimoja, ingawa aghalabu waombaji hupelekwa huku na huko kana kwamba ni vidirisha viwili vya duka moja. Fauka ya hayo, ibara ya 174 ya Katiba inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Faranga zinazodaiwa kwa jina la «rukhsa ya tombola» bila ya andiko la sheria lenye kuzitaja si haki ya anayezidai, na mwenye kuombwa ana haki ya kuuliza andiko hilo liko wapi na kupewa risiti.

Mwizi naye hakuachwa huru. Kanuni ya adhabu, katika kifungu cha 95, huadhibu khiyana ya amana, na katika kifungu cha 98 huadhibu ulaghai. Mtunza hazina aliyekula fedha ya mabati, na mtu aliyeuza tikiti za baiskeli isiyokuwapo, wote wawili wana mahali pao mbele ya hakimu, hata kama pasingekuwa na sheria moja mahsusi juu ya tombola.

Rai zinazopingana

Rai ya kwanza yataka tombola ikatazwe kabisa, nayo ina nguvu kuliko wanavyodhani wanaoipuuza. Msingi wake kwa Waislamu ni aya ya 219 ya Sura ya al-Baqara na aya za 90 na 91 za Sura ya al-Maida, ambazo ndani yake maisiri, yaani kamari, imetajwa pamoja na ulevi. Watu husema: lakini yetu ni ya sadaka. Jawabu la wafasiri ni zito. Wameeleza, na Zamakhshari ni mmoja wao, kwamba maisiri ya Waarabu wa zama za ujahili ilikuwa hivi: walichinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakatia mishale ndani ya mfuko na kuitoa mmoja mmoja, aliyetokewa na mshale mtupu alilipa thamani ya mnyama, na aliyetokewa na mshale wenye fungu hakula nyama ile, bali aliwapa masikini na kujifakhari kwa hilo. Yaani ilikuwa ni tombola ya sadaka hasa! Nayo Kurani haikukana kwamba mna manufaa ndani yake; ilipima manufaa na dhambi, ikaona dhambi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo hoja ya wema wa makusudi ilikwisha kusikilizwa na kukataliwa zamani, na Mwislamu wa Kasongo anayesita kununua kikaratasi si mkaidi wala si adui wa shule.

Wala si Waislamu peke yao. Kanisa la Methodisti, lenye uaskofu wake Kindu, hufundisha waumini wake wajiepushe na michezo ya kubahatisha, na mafundisho hayo hayakuwaacha nje wanaoichezesha kwa ajili ya kanisa. Wakatoliki wana mwendo mwingine: katekisimu yao haioni michezo ya bahati kuwa ni dhuluma kwa nafsi yake, ila pale inapomnyima mtu kilicho cha lazima kwake na kwa nyumba yake. Udhaifu wa rai hii ya kukataza u katika Dola, si katika dini: nchi yenye madhehebu mengi haiwezi kuchukua dhamiri ya mmoja ikaifanya sheria ya wote, na Dola inayopokea mapato ya parifoot itakuwa na uso gani wa kuwakataza wazazi mbuzi wao mmoja?

Rai ya pili yataka rukhsa kutoka juu, kutoka Kinshasa au angalau kutoka Kindu. Ubora wake ni kwamba daftari huwa moja, mwenye kuhukumu hana jamaa miongoni mwa wanaohukumiwa, na matapeli wanaozunguka mji hadi mji hujulikana. Lakini tuipime kwa hisabu. Tuchukue mfano wa kamati inayokata tikiti 500 za faranga 1,000: ikiziuza zote itapata faranga 500,000. Tuseme zawadi zinagharimu 150,000 na uchapaji 20,000. Zabaki 330,000 kwa mabati. Sasa mjumbe wa Kasongo atoke na maombi hadi Kindu, safari ya zaidi ya kilomita 200, na wa Kabambare aongeze njia ya kufika Kasongo kwanza, tena pengine ni masika na pikipiki inabebwa badala ya kubeba. Nauli, malazi, na siku za kungojea sahihi zinaila ile 330,000 kabla bati moja halijanunuliwa. Kanuni ya namna hii haimzuii tapeli, kwa kuwa tapeli haombi rukhsa. Humzuia mtiifu peke yake, au humfundisha kutotii. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa maana mtu mwema aliyezoea kuvunja kanuni ndogo kwa ajili ya heri hupoteza kinga yake siku atakapodhulumiwa na mwenye muhuri.

Rai ya tatu yataka rukhsa ya karibu, sektani au uchifuni. Ni rai ya sheria ya mwaka 1851 ikivaa nguo za mwaka 2008. Wauzaji wanajulikana, wanunuzi wanajulikana, na mbuzi mwenyewe anaweza kutazamwa. Aibu yake ni ujamaa: mkuu wa sekta anaweza kuwanyima mahasimu wa ukoo wake, au kugeuza daftari kuwa chanzo cha mapato. Na rai ya nne, ya wasiotaka kanuni yoyote kwa kuwa kijiji kinajilinda chenyewe, ni kweli palipo na nyumba arobaini. Si kweli Salamabila, ambako dhahabu imewakusanya watu wasiojuana.

Majirani

Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 1966, iliweka bodi ya kutoa leseni, ikazitenga bahati nasibu ndogo na zile za umma, na kwa hizi za umma ikaagiza isiyopungua asilimia 25 ya mapato yote iende kwenye sadaka; kisha Katiba ya mwaka 2010 ikagawa mamlaka ya michezo hiyo baina ya taifa na kaunti. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Uganda ina sheria ya mwaka 2016 na bodi yake. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2005, imekwenda mbali zaidi katika kupanga madaraja: tombola inayochezeshwa kama sehemu ya hafla haihitaji rukhsa, ile ya chama kidogo huandikishwa kwa serikali ya mtaa, mauzo yake yasizidi pauni 20,000 kwa mara moja wala 250,000 kwa mwaka, na isiyopungua asilimia 20 iende kwenye heri, na hisabu zipelekwe ndani ya miezi mitatu.

Viwango hivyo vya asilimia huvutia macho, na wako wanaotaka viletwe Kongo. Lakini turudi kwenye zile faranga 500,000 zetu: kwa kipimo cha sheria ile ya Kenya ya mwaka 1966, kamati ingekuwa imetimiza sheria kwa kununua mabati ya 125,000 tu, kwa kile cha Uingereza, ya 100,000. Kamati yetu ya mfano, bila ya sheria, ilifikisha 330,000. Viwango hivyo vilitungwa kwa bahati nasibu zilizo kubwa kuliko ya kijiji, zenye mishahara, matangazo na zawadi nono, na vikipelekwa kijijini huwa ni ruhusa ya kula. Kinachomlinda mnunuzi wa Kabambare ni kusikia, mbele ya watu wote, zimeuzwa tikiti ngapi na yamenunuliwa mabati mangapi.

Mizani

Kwa maoni ya mwandishi huyu, rai ya tatu ndiyo yenye uzito, lakini si kwa umbo la rukhsa. Yafaa iwe kwa umbo la taarifa. Tombola inayouzwa na kuchezeshwa siku moja katika mkutano mmoja isiombewe chochote. Inayouzwa kwa majuma kadhaa ndani ya sekta moja iandikwe katika daftari la sekta bila ya malipo: majina ya watu watatu wenye dhamana, idadi ya tikiti na bei yake, zawadi zilizokwisha kununuliwa na zikaonekana, siku ya kuchezeshwa, na kazi ya fedha. Baada ya hapo hisabu isomwe hadharani na nakala yake ibandikwe penye mlango wa shule. Mkuu wa sekta asiwe na haki ya kukataa ila kwa sababu aliyoiandika, na administrata awe ndiye mwenye kusikiliza malalamiko. Hivyo jicho la Serikali kuu hupata kazi inayolifaa. Na ile inayovuka teritwari, au yenye zawadi ya fedha taslimu, au inayouzwa kwa simu, hiyo imekwisha toka katika udugu wa watu wanaojuana, nayo iende juu kwa wenye kuhusika na mambo makubwa.

Ama wale ambao dhamiri yao hairuhusu, iko njia ambayo fikihi na sheria ya Kiingereza, ajabu, zimekutana juu yake. Neno letu kura, ambalo leo twalipeleka kwenye masanduku ya uchaguzi, ni lile lile kur'a la Kiarabu, na kur'a isiyo na dau haikukatazwa: kwa kalamu walipigiana kura waliotaka kumlea Maryam, kama ilivyotajwa katika Sura ya Al Imran, aya ya 44. Basi mchango ukusanywe peke yake, kama sadaka, bila ya kumpa mtoaji nambari. Na zawadi, iliyotolewa na mfanyabiashara au mtu mwenye nafasi, ipigiwe kura baina ya wote waliohudhuria, aliyechanga na asiyechanga, masikini na tajiri. Nguzo ya malipo imeondolewa; mufti haoni maisiri, na mwanasheria wa Uingereza haoni bahati nasibu. Gharama yake ni kwamba fedha itapungua, kwa kuwa wako watu wengi ambao mkono wao haufunguki ila kwa tamaa ya mbuzi. Kupungua huko ndiyo bei ya kuwaweka Waislamu, Wamethodisti na Wakatoliki wa mji mmoja chini ya paa moja la shule, na kamati ya mchanganyiko yafaa iipige hesabu mapema kabla ya kuchapa tikiti.

Limebaki jambo dogo linalosahauliwa mpaka siku ya ugomvi, nalo ni zawadi ambayo mwenye nambari hakutokea kuidai. Iandikwe katika daftari tangu mwanzo kwamba baada ya siku thelathini zawadi hiyo huuzwa kwa mnada mbele ya watu na thamani yake hurudi kwenye kazi iliyotangazwa. Kwani mbuzi asiye na mwenyewe, akikaa sana nyuma ya nyumba ya mtunza hazina, huzaa maneno.